Siku Nilipofungwa Macho Yote Mawili

Wanawake wa kanisani kwetu Kathiani wananiuliza swali lile lile kila Jumapili tukitoka ibadani. Eti ni kweli daktari hulitoa jicho nje, akaliweka kwenye sahani, akalisafisha, kisha akalirudisha? Hapana. Jicho halitoki. Linabaki pale pale lilipowekwa na Mungu. Nimejibu hivyo mpaka ulimi umechoka, ndiyo maana nimeona niandike, ili anayeogopa asome mwenyewe, au asomewe kama ameshafika pale ambapo maandishi hayaonekani. Sitaeleza mtoto wa jicho huota vipi, kwa sababu sijui, na siku niliyoelezwa nilikuwa nimechoka mno kusikiliza. Nitaeleza yaliyonipata mimi.

Nina miaka sitini na mitatu. Naishi na mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu, maana kwa Kikamba mama ni mwaitu, na huyu amekuwa mama yangu kwa muda mrefu kuliko aliyenizaa. Amepita miaka themanini na mitano na haoni kabisa. Yake si mtoto wa jicho. Ni presha ya macho, na tulipompeleka hospitali tulichelewa, wakasema kilichopotea hakirudi. Mume wangu, aliyekuwa mwanawe wa pekee wa kiume, alitangulia mbele za haki zamani. Watoto wangu wawili, Mutua na Mumbua, wako mbali kikazi. Basi tukabaki wawili kwenye boma, yeye na mimi, mimi nikiwa macho yake.

Halafu hayo macho ya akiba nayo yakaanza kuharibika.

Ilianza kama moshi. Tunapikia kuni, kwa hiyo nikalaumu kuni mbichi, nikatafuta zilizokauka. Moshi haukuondoka. Taa za pikipiki zikaanza kuota miiba. Nyuso za watu zikafutika, nikawa namjua mtu kwa sauti au kwa kikohozi. Sikumwambia yeyote. Nilifunga uzi kwenye mkebe wa chumvi nisije nikauchanganya na wa sukari. Nilihesabu hatua za kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji, zilikuwa kumi na tisa. Mtu anaweza kuwa kipofu kwa siri kwa muda mrefu, hasa akiishi na mtu ambaye naye haoni. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Siri yangu iliishia shambani kwa jirani yangu, Mama Kyalo. Sisi wanawake wa pale tuna mwethya, yaani tunalimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na asiyefika au anayeharibu kazi hutozwa faini ya kuku. Ilikuwa Desemba, palizi ya kwanza ya ndengu. Kila mmoja alipewa mistari yake. Nilipalilia kwa bidii na kwa kasi, maana mwenye kuficha jambo hupenda kuonekana hodari. Nilipomaliza nikanyoosha mgongo. Wenzangu walikuwa kimya. Wanawake kumi na wawili kimya kwa pamoja, hata msibani sijawahi kuwasikia hivyo.

"Mama Mutua," Mama Kyalo aliniita polepole. "Hii ni nini umefanya? Umeng'oa ndengu yote ukaniachia majani."

Mistari minne. Ndengu zote zilikuwa zimelala chini, na magugu yamesimama safi kabisa, yamepaliliwa vizuri.

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, na kule kuacha ndiko kulikoniuma. Mmoja alinishika kiwiko akanipeleka nikakae. Wala hakuna aliyetaja faini. Ukiona mwethya umekusamehe faini bila kuomba, jua wamekutoa kwenye hesabu ya watu.

Kabla jua halijatua, habari ilikuwa imemfikia binti yangu Mumbua kule Syokimau, na ilikuwa imemfikia pia wifi yangu Kasiva, bintiye Mwaitu, aliyeolewa Ndithini. Jumamosi iliyofuata walikuwa wamekaa kwenye veranda yangu wote wawili, wameshaamua. Mwaitu atakwenda Ndithini kwa Kasiva. Mimi nitakwenda Syokimau kwa Mumbua. Nyumba itafungwa.

"Si tunakuchukia, Mama," Mumbua alisema. "Lakini wawili hamuoni. Moto ikishika hapa nani ataona?"

Aliyejibu ni Mwaitu, ambaye tulidhani amesinzia.

"Mimi siwezi kuishi kwa mkwe."

Nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu. Sisi Wakamba tuna nthoni, heshima ya ukwe. Mama hakai ovyo mahali alipo mume wa binti yake. Hali chakula mbele yake, hapiti karibu naye, akimwona anakuja hukwepa njia. Vijana wa leo wanaicheka, wanapiga hata picha na wakwe zao. Lakini Mwaitu aliishika maisha yake yote, na mume wa Kasiva, Baba Muli, vilevile, mtu mzima sasa, akija kwetu husalimia kutoka getini.

"Mwaitu, hiyo ni mambo ya zamani," Kasiva alisema. "Baba Muli hana shida na wewe."

"Shida si yake. Wewe uko na macho. Ukisikia mtu anakuja, unaangalia, unatoka njia. Mimi nitajuaje ni yeye amepita? Nitajuaje kama amekaa hapo ananiangalia nikila? Ama nitakaa nimejifunika kichwa siku yote, mpaka nikufe?"

Kasiva alianza kulia kwa hasira. Mimi nilimwangalia Mwaitu, yaani niliangalia lile umbo la kijivu lililokuwa kwenye kiti chake, na mdomo wangu ukasema kabla mimi sijafikiri: "Mnipe mwaka mmoja. Nitafanyiwa opresheni. Desemba ijayo mkutane hapa hapa. Nikiwa naona, tutabaki. Nikiwa sioni, funguo ni hizi."

Walikubali. Nadhani walikubali kwa sababu walikuwa na hakika nitaogopa.

Na niliogopa kweli, ila sikupewa nafasi ya kukimbia wala ya kufanyiwa. Mwaka mzima ulikwisha kwenye mabenchi. Januari hospitali ya macho mjini Machakos waliniona, wakaniambia macho yote mawili yameiva, lakini sukari yangu iko juu, nirudi ikishuka. Machi ilikuwa bado. Mei ilikuwa imeshuka, lakini nilikuwa na kikohozi, na mwenye kikohozi hapasuliwi jicho. Julai baridi ikaja, kikohozi kikagoma kuondoka. Anayesoma haya ajue kwamba kinachochosha zaidi si kisu. Ni kuamka gizani, kuvaa nguo nzuri, kukaa, na kurudi nyumbani vilevile ulivyokuja. Benchi lile la kungojea nililijua kwa makalio. Mtu wa mbele akiitwa, nyote mnasogea hatua moja kushoto bila kuinuka, na ukifika kwenye ubao uliopasuka, jua umebakiza watu sita.

Huwa wanakupima kwa ubao wenye alama kama uma, unaonyesha kwa vidole meno yake yameelekea wapi. Nilinyoosha vidole juu, chini, pembeni, nikibahatisha tu, kama askari wa barabarani siku taa zimezima. Muuguzi alinionea huruma akaniuliza, "Mama, ubao wenyewe unauona?" Nikasema, "Ubao uko wapi?" Mzee mmoja wa upande wa Masinga aliyekuwa nyuma yangu alicheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaanza kuitafuta kwa mikono, haioni. Tukacheka sote wawili. Hiyo nayo ilikuwa zawadi ya siku hiyo.

Septemba sukari ilikubali na kifua kikanyamaza. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya kuchoka kama mimi, alisema watafanya la kulia kwanza, na baada ya wiki kadhaa watafanya la kushoto. Nikamwuliza kama anaweza kuyafanya yote siku moja.

"Kwa nini una haraka?"

Nikamweleza. Kwamba nyumbani nimeacha mama asiyeona. Kwamba wifi yangu amekubali kuja kumwangalia kwa siku tano, mara moja tu, maana mvua za vuli zikianza ana shamba lake. Kwamba nikianza na moja, la pili litaangukia mwaka mwingine, na mwaka mwingine sina. Daktari akanieleza waziwazi, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema ni nadra mambo kuharibika, lakini yakiharibika kwa uchafu kuingia, mtu aliyefanywa jicho moja anabaki na lingine. Mtu aliyefanywa yote mawili siku ileile anaweza kukosa yote. Alisema wakikubali, watanichukua kama wagonjwa wawili tofauti, kila kitu kipya. Akanipima tena, akaniambia nikaongee na watu wangu kwanza.

Watu wangu alikuwa Mumbua, amesimama kwenye korido.

"Mama, hapana. Mama, hata mtu hawezi weka mayai yake yote kwa kikapu moja sokoni, na wewe unataka kuweka macho!"

"Jicho moja halitoshi ile nyumba."

"Na yakipotea yote?"

"Basi mtafunga nyumba, si ndiyo mnataka?"

Nilisema vibaya. Najua nilisema vibaya. Alienda akasimama dirishani akanipa mgongo, na mimi nikatia kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali, maana mstari wa kuweka sahihi sikuuona.

Tarehe ilikuwa Oktoba, siku mawingu yalikuwa yameanza kupanda juu ya vilima, na kila mtu kwetu alikuwa ametayarisha mbegu. Kasiva alifika jana yake na mfuko wake mdogo. Nilimwonyesha kila kitu nyumbani. Mwaitu alinishika mikono yote miwili, akaniombea kwa Kikamba, kwa ufupi sana. Alimwambia Mungu, "Huyu ni wa kwangu," basi.

Hospitalini unanawa uso, unavaa gauni linalofungwa nyuma, na ndara za plastiki zisizokutosha. Wanaweka alama ya kalamu juu ya nyusi ya jicho litakalofanywa, wasije wakakosea. Mimi niliwekewa mbili. "Wewe hata tukitaka kukosea hatuwezi," nesi aliniambia. Kisha ni matone. Matone na kungoja, matone na kungoja, mpaka nikapoteza hesabu. Sindano ya ganzi hudungwa karibu na jicho, na sitadanganya, inauma, lakini kwa muda wa kusema Baba Yetu mpaka "mkate wetu". Baada ya hapo jicho linakuwa zito, kana kwamba si lako.

Hulali usingizi. Uko macho na unasikia. Wanakufunika uso kitambaa chenye tundu, na unaangalia taa. Nilichoona ni rangi tu, zambarau, kisha samawati, zikicheza kama mafuta juu ya maji ya dimbwi. Mashine ilikuwa inalia kwa mbali. Hofu yangu yote ilikuwa kukohoa. Nilishika mkono wa nesi, nikambana bila shaka nikamwumiza, naye hakuuondoa. Jina lake sikulijua na uso wake sikuuona.

Walipomaliza jicho la kulia nilianza kuinuka, nikidhani mwili umejitahidi vya kutosha. "Bado, Mama," daktari alisema. "Sasa wewe ni mgonjwa mwingine."

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote, na hakuna aliyenionya, ndiyo maana ninawaonya nyinyi. Waliondoa kila kitu. Vitambaa, glavu, vyombo. Nilisikia maji wakinawa upya. Nilisikia makaratasi ya vifaa vipya yakichanwa. Na mimi nimelala pale, jicho moja limefungwa, lingine bado ni la zamani na ukungu wake, nikijua kwamba neno moja tu lingetosha. Ningesema nimechoka, na wangeniacha, na hakuna ambaye angenilaumu. Mumbua angefurahi. Nilifungua mdomo. Nikaona Mwaitu amejifunika kichwa kwenye nyumba isiyo yake, siku nzima, akisikiliza nyayo. Nikaufunga.

"Tuendelee?"

"Endeleeni."

Saa nane mchana nilikuwa kitandani, nimefungwa bandeji pande zote mbili, na giza langu lilikuwa kamili kama la Mwaitu. Mumbua aliletewa chakula changu, ugali na sukuma wiki, akaanza kunilisha. Hatukuwa tumeongea vizuri tangu ile siku ya korido. Alinipa tonge la kwanza, likanigonga meno. La pili likaja kabla sijameza. Sikujua kama kinachokuja ni mboga au maji au mkono tu unaonifuta kidevu. Nilikuwa nimemlisha Mwaitu kila alipougua, miaka yote hiyo, na sikuwahi kufikiria kwamba kila tonge lilimkuta kwa ghafla.

"Niambie kabla," nilimwomba Mumbua. "Sema ni nini, halafu ndio ulete."

"Ugali," akasema. Akaleta. "Sukuma." Akaleta. "Maji." Akaleta. "Mama, niliogopa, hiyo tu. Ugali."

"Hata mimi niliogopa. Leta."

Asubuhi walitupanga kwenye benchi, watu tisa wenye vichwa vilivyofungwa, na nesi akapita akifungua mmoja mmoja. Alianza na langu la kulia. Ukungu. Mweupe, mzito, kuliko hata wa zamani. Akafungua la kushoto, na mbele yangu kukawa na sweta ya bluu ya nesi. Sina namna ya kuieleza ile bluu. Nilikuwa nimesahau kwamba rangi huwa na nguvu hivyo. Ukuta niliodhani ni wa rangi ya chai ulikuwa mweupe. Nikageuka, nikamwona mwanangu. Mumbua wangu alikuwa na mvi juu ya masikio, na mistari miwili katikati ya nyusi ambayo sikuijua. Alikuwa amezeeka mbele yangu na mimi nilikuwa sipo.

"Umekonda," nilimwambia.

"Mama, kwani hiyo ndiyo kitu ya kwanza unaona?"

Daktari alisema la kulia limevimba, linahitaji muda. Muda ni neno tamu kwa mwenye nao. Nilirudi nyumbani na jicho moja la kuona na jingine la kuombea, chupa za matone, vifuniko vya plastiki vya kulalia, na orodha ya makatazo. Usiiname. Usibebe kitu. Usitie maji usoni. Usikae kwenye moshi. Usisugue. Ni kama mtu aliandika kila kitu mwanamke wa kwetu anachofanya tangu asubuhi, akaweka "usi" mbele yake.

Na mvua ikanyesha siku hiyo hiyo.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Siku zangu zilikatwa na matone, asubuhi, saa sita, saa kumi, kabla ya kulala, jicho la kulia kwanza, kisha kungoja, kisha la kushoto, kila jicho na chupa yake. Kasiva alifunga mfuko wake siku ya tano kama alivyoahidi. Alinyoosha vidole mbele ya jicho langu la kulia, akauliza ni vingapi, nikasema viwili, na vilikuwa vitatu. "Desemba si mbali," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka naye.

Wanawake wa kanisa walikuja kuniombea, nawashukuru, lakini mmoja alitoka na chupa ya mafuta ya upako akataka kunipaka kwenye kope. Nikaziba macho kwa viganja. Kama mko na mgonjwa wa macho, mpakeni paji la uso, Mungu ataelewa. Mwethya nao ulikuja kunipandia, na mimi nikaketi kwenye stuli nje kama bibi arusi, nikitazama migongo ya wenzangu. Nililia kidogo kwa aibu. Mama Kyalo akaniona.

"Keti hapo," alinipigia kelele. "Tukikupa jembe utapanda majani. Na ile kuku ya faini hatujasahau, ukipona utailipa!"

Sijawahi kufurahia deni namna ile.

Jicho la kulia halikufunguka siku moja. Wiki ya kwanza niliambiwa ningoje. Ya pili, ningoje. Kila asubuhi nilifunika la kushoto kwa kiganja na kutazama mlango, na mlango ulikuwa doa. Nilianza kuwaza mambo mabaya, kwamba la kushoto nalo litafuata. Nilichoka kuomba, nikawa nakaa tu. Katika wiki ya nne nilifunika jicho kama kawaida, nikauona mlango una kitasa. Nikakaa nikikiangalia kitasa mpaka Mwaitu akaniuliza mbona kimya. Sikumwambia siku hiyo, niliogopa kitapotea. Kesho yake kilikuwepo bado, na bawaba pia.

Desemba walikuja, Mumbua na Kasiva, wakakaa kwenye veranda. Niliwaambia ni nani anapanda njia ya ng'ambo kabla wao hawajamtambua. Niliwaonyesha ndengu zangu, nilizozipalilia mwenyewe pembeni mwa nyumba, zikiwa zimesimama ndengu na si magugu. Kasiva alitembea kati ya mistari, akainama, akainuka. "Basi," alisema. "Kaeni." Akamkumbatia mama yake, na funguo sikuzitoa.

Kitu kimoja sikukijua mpaka wiki ile. Lenzi walizoniwekea ndani ya macho ni za kuonea mbali. Vitu vya karibu, herufi, sindano, punje, vilibaki na utando hadi nilipopewa miwani ya kusomea, na miwani nilipewa siku mbili kabla ya wao kuja. Kwa hiyo walipoondoka, nikaivaa nikamwambia Mwaitu alete mikono nimkate kucha, maana alikuwa akizisugua mwenyewe kwenye jiwe.

Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia hakikuwa kama vingine. Kuanzia ncha hadi pingili ya kwanza, ngozi ilikuwa nyekundu na laini, inang'aa, na kando yake makovu ya zamani, moja juu ya jingine.

"Mwaitu, kidole hiki kimefanya nini?"

"Ni chai."

"Chai gani?"

"Chai yako. Ulikuwa unajaza kikombe mpaka inanimwagikia kwa miguu. Nikaona afadhali niweke kidole ndani kidogo, ikifika hapo niseme imetosha."

Nilikumbuka. Alikuwa akisema "imetosha" upesi sana, kila asubuhi, na mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba uzee umempunguzia hamu ya chai.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kabla ya mambo ya ndengu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alichukua mkono wake, akauweka mapajani, akaufunika kwa ule mwingine. "Ningekuambia, ungewaambia watoto. Wewe huwezi kuficha kitu. Ningeenda Ndithini. Chai si mbaya kama hiyo."

Nililia, na kwa kuwa nimekatazwa kusugua macho, niliacha machozi yateremke yenyewe mpaka shingoni. Mimi niliyedhani ndimi macho yake. Mimi niliyedhani nimemficha.

Nilipotulia nilichemsha chai, nikamletea birika na kikombe kitupu. Akakishika kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono mwingine akakiweka ndani ya ukingo, kama mtu asiyejua kwamba anafanya hivyo.

"Toa kidole, Mwaitu. Naona sasa."

"Najua unaona," alisema, na hakukitoa.

Nilimimina polepole, nikaacha mapema, chai ikiwa mbali chini ya kidole chake. Alisikia birika limenyamaza. Alikaa hivyo kwa muda, akiungoja ule moto, kisha akakitoa kidole, akanywa.